Upepo Upimwe Ukiwa Bado Unavuma

"Najua hapa hakuna tornado kama za Marekani," nilimwambia mwalimu. "Lakini hata kwenye jua hatujafika, na wewe mwenyewe umetufundisha habari za jua muhula mzima."

Mwalimu wangu wa fizikia hakucheka. Alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, na upole wake ndio ulikuwa unanichosha, kwa sababu ukigombana na mtu mpole wewe ndiye unayeonekana mkorofi. Wenzangu walishakwenda kula. Tulibaki wawili darasani, na karatasi yangu iko mezani kati yetu. Niliandika sentensi moja tu: nataka kueleza jinsi wanavyopima mwendo wa upepo ndani ya tornado, ule upepo unaozunguka kama pia, kwa radari ya kubebeka. Hiyo ndiyo ilikuwa iwe kazi yangu kubwa ya mwisho. Huku Sweden, mwaka wa mwisho wa sekondari kila mwanafunzi anachagua jambo lake moja, analihangaikia mpaka shule inafungwa, na bila hiyo kazi cheti hakikamiliki.

Akasema tornado ni habari nzuri ya kusoma, lakini mimi nitapima nini? Nitanakili tu vya kwenye mtandao. Nikamwambia zipo hata huku, ndogondogo, na Waswidi wenyewe wana jina lao, wanaziita tromb. Akakubali kwamba zipo, ila akauliza kama nina mpango wa kukaa dirishani kuisubiri moja mpaka nizeeke. Halafu akasema lile alilotaka kulisema tangu mwanzo.

"Kwa nini usichague kitu kilicho karibu na wewe? Maji, kwa mfano. Visima. Jinsi watu wanavyopata maji nyumbani kwenu Burundi."

"Nyumbani kwetu ni Rissne, hapahapa Stockholm," nilimwambia. "Maji yapo. Unafungua bomba."

Sikuwa namfanyia mzaha. Burundi sijawahi kufika. Nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, nikaja huku bado mdogo, na Burundi ninayoijua mimi ni sauti za watu kwenye simu ya mama, wanaongea wote kwa pamoja halafu kadi inakwisha. Hivyo visima vya Burundi ningevinakili kutoka mtandao uleule. Ila hiyo isingeitwa kunakili, ingeitwa kitu kilicho karibu na mimi. Mwenzangu anayekaa karibu na dirisha, Mswidi wa mama na baba, alikuwa anaandika kuhusu mashimo meusi ya angani, na sikusikia mtu akimuuliza kama alizaliwa huko.

Acha nieleze kwa nini tornado, maana hata mama aliniuliza, hata watu wa kanisani waliniuliza, na kila mmoja aliuliza kama vile nimesema nataka kufuga mamba.

Niliona video kwenye kompyuta ya maktaba. Lori limebeba sahani kubwa mgongoni, linasimama katikati ya uwanda usio na mti, na mbali huko kuna kitu cheusi kimening'inia kutoka mawinguni mpaka chini. Ndani ya lori kuna watu wanaangalia kioo. Anayeendesha ni mwanamke. Kilichonishika si ile tornado yenyewe, tornado wote wanazishangaa. Ni maneno ya yule aliyekuwa anaeleza. Alisema kwa miaka mingi vyombo vya kupimia upepo vilikuwa vinavunjika au tornado inavipita pembeni, kwa hiyo watu walikuwa wanakwenda baada ya upepo kupita. Wanaangalia paa lililong'oka, wanaangalia mti uliolala, gari lililobinuka, halafu wanakadiria: ili kuvunja hiki, upepo lazima ulikuwa mkali kiasi fulani. Mpaka radari za kubebeka zikaja. Radari inakaa mbali, inatuma mawimbi, mawimbi yanagonga matone ya mvua na vumbi na takataka zinazorushwa na upepo, yanarudi yakiwa yamebadilika, na yale mabadiliko ndiyo yanakuambia vitu vile vinakuja au vinakwenda kwa mwendo gani. Unaupima upepo ukiwa bado unavuma.

Hapo ndipo iliponiingia. Mimi na mama tumekadiriwa hivyo tangu tushuke kwenye ndege. Mtu anakuja, anaangalia kilichovunjika, anainamisha kichwa upande, anakadiria. Sikumwambia mwalimu haya. Kwa Kiswidi yangetoka kama kilio, na sikutaka kulia juu ya karatasi yangu.

Nilichomwambia ni hiki: nikikuletea kipimo changu mwenyewe, cha upepo, kwa radari, utaniachia mada yangu? Akafikiri. Akasema sawa, nimletee Jumatano ijayo, na niweze kukieleza mbele yake jinsi nilivyokipata. Nisipoleta, naandika maji. Tukapeana mikono kama watu wazima.

Radari nilijua pa kuipata. Mwalimu wa michezo alikuwa nayo moja ya mkono, ya kupimia mwendo wa kipira cha innebandi, ule mchezo wa magongo wa ndani ya ukumbi ambao vijana wa Kiswidi wanaupenda kama dini. Akaniazima mpaka hiyohiyo Jumatano, kwa sharti kwamba isianguke chini. Umbo lake ni kama bastola nene: ina mpini, ina kifyatulio, mdomo wake mpana kama kikombe, na kwa nyuma kuna kioo kidogo kinachoonyesha namba. Ndani yake inafanya kazi ileile ya lile lori. Ni ndogo tu na haioni mbali.

Siku hiyohiyo nilisimama kwenye roshani yetu, nikaielekeza hewani, nikavuta. Upepo ulikuwa unanipiga usoni na unatikisa vyungu vya maua vya jirani, na kioo kinasema sifuri. Nilishasoma kwamba radari haiioni hewa, inaona kile ambacho hewa imebeba. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuambiwa sifuri huku macho yanakutoka machozi kwa upepo ni kitu kingine. Mvua ingenisaidia, ila wiki ile, pamoja na mvua zake zote, Stockholm iliamua kutonyesha. Nikachukua unga wa ugali kiganja kimoja, nikaumwaga nje ya roshani, nikavuta tena. Radari haikuuona unga. Jirani wa chini aliuona.

Jibu nililipata Jumamosi, mama akiwa anapika. Kwenye ushirika wetu hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu. Tunakodi kanisa la Waswidi pale Sundbyberg, tunaingia mchana wao wakishatoka, na baada ya ibada watu wanakula pamoja. Chakula kinachobaki akina mama wanakifunga kwenye foili: chapati, wali, kuku, maharage. Huyu anarudi Fisksätra na furushi lake, yule anarudi Hagsätra na lake. Kwa hiyo kwetu foili haikosekani, droo nzima. Na foili ni chuma, na radari inapenda chuma. Nikachukua mkasi, nikaanza kukata vipande vyembamba kama kamba za viatu, mpaka nikajaza boksi la keki.

Mama akasimama na mwiko mkononi akiniangalia. Akauliza hiyo ni nini sasa. Nikamweleza. Akasema, yaani shule inakufundisha kukata foili. Nikamweleza tena. Akasema yeye haelewi, kuna watu wagonjwa dunia nzima na mimi nahangaika na hewa.

Hilo la wagonjwa lilikuwa na mzizi wake. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha, anawalisha, na mgongo wake unajua. Alitaka mimi niwe juu yake ngazi moja: muuguzi kamili, mwenye cheti. Na hakutaka kimoyomoyo. Alishasimama kanisani akatangaza, maana ndivyo tunavyofanya, mzazi anasimama na kusema mtoto wangu atakuwa hiki, mniombee, na kanisa zima linaomba. Waliomba. Wakasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu na hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo kwa mama ile radari haikuwa kitu cha kuchezea tu. Mada yangu ikipita, nikaanza kuomba vyuo vya fizikia, yeye ndiye angesimama mbele ya watu walewale kuwaambia ombi limegeuka.

Jumapili upepo ulikuja wenyewe, mkali, ule wa kufungua milango ya watu. Baada ya ibada nikamwomba mzee wa kanisa ruhusa ya kupima kitu uani, dakika chache tu. Akasema sawa, bora chai isikatizwe. Wa kunirushia foili alitakiwa awe mtu mrefu, na aliyejitolea ni anko mmoja Mkenya, anayeendesha basi na anayeongoza kwaya. Huyo anko hawezi kuona jambo likitendeka bila yeye kuwa katikati yake. Akapanda juu kabisa ya ngazi za kanisa na boksi langu la keki kifuani. Upepo ulikuwa unatokea huko nyuma yake, unashuka ngazi, unaingia uani. Watu wakatoka na vikombe vyao kuangalia, wakasimama ngazini.

Mimi nikasimama chini, uso kwa uso na ngazi. Nikainua radari.

Mkono wa mama ukanishika kifundo cha mkono, ukakisukuma chini.

"Usielekeze watu kitu hicho."

"Mama, ni radari ya mpira."

"Nimesema usielekeze watu."

Hakupaza sauti. Lakini nilipotazama ngazini niliona nusu ya watu wameshasogea. Mzee wa kanisa alikuwa amegeuza bega, kama mtu anayekwepa maji ya gari lililopita kwenye dimbwi. Hawa ni watu wa Burundi, wa Rwanda, wa Kongo. Aliyebaki amesimama wima anacheka ni Mkenya peke yake.

Basi nikaenda pembeni, kwenye vyuma vya kufungia baiskeli, ambako mbele yangu kulikuwa na ukuta mtupu. Kutoka pale radari ingeukata upepo katikati bila kumgusa mtu. Nikajiambia upepo ni uleule, nikisimama hapa au pale kuna tofauti gani?

Anko akarusha. Vipande vikapaa vyote kwa pamoja, vinametameta, watoto wakapiga kelele. Nikavuta. Tisa. Kilomita tisa kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbilia treni. Nikamwambia arushe tena. Saba. Mara ya tatu upepo ukachukua na kofia yake, ukaipitisha juu ya magari yaliyoegeshwa, juu ya ua wa majani, vijana wawili wakaifukuza na hawakuipata mpaka ilipojigonga kwenye jengo la pili. Nikaangalia kioo. Kumi na moja.

"Inasemaje?" anko akauliza kutoka juu.

Nikamwambia.

"Haki ya nani, kofia yangu imeipita radari yako. Hiyo diploma mpeni kofia."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Akaniita polisi wa upepo, akauliza kama nitaupiga upepo faini au nitausamehe kwa kuwa ni kosa la kwanza. Siku nyingine na mimi ningecheka. Siku ile nilikuwa naiona Jumatano tu.

Halafu mzee wa kanisa akautazama ule ua wa majani, ambao sasa ulikuwa unang'aa kama mti wa Krismasi, akasema taratibu kwamba Waswidi wakikuta hivi, mwezi ujao tutasali kwenye maegesho. Basi ushirika mzima, watu wamevaa nguo za Jumapili, vitenge na suti, wakainama kuokota foili kwenye majani ya Waswidi. Anko alikuwa anaimba. Mama aliokota akiwa amenipa mgongo, na huo mgongo ulinichoma kuliko kofia.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu akasema niache. Niandike hayo maji, mwalimu amenionyesha njia, tatizo liko wapi. Kwa kawaida mama akinisemesha kwa Kiswahili mimi namjibu kwa Kiswidi, ndivyo tulivyozoea, kila mtu na barabara yake. Siku ile nilimjibu kwa Kiswahili tangu kanisani mpaka mlangoni, ili asije akasema hakunielewa. Nilimwambia siandiki maji. Nilimwambia yeye hata hayo maji hajawahi kunisimulia, sasa nitayajulia wapi. Alifungua mlango, akavua viatu, akasema ana usingizi.

Jumatatu nilikuwa na uhakika kwamba radari imekufa. Pengine kipira kiliigonga zamani na mwalimu wa michezo hajui. Nikaona niipime kwenye kitu ambacho mwendo wake unajulikana. Baada ya shule nikaenda kwenye barabara kubwa, nikasimama pembeni karibu na kituo cha basi, nikaanza kupima magari. Sikufikiria kabla kwamba mtu akiona radari pembeni ya barabara anafanya nini. Walikuwa wanafunga breki mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wananiona vizuri, msichana mweusi mwenye koti la rangi ya zambarau na begi la shule, walikuwa wanafunga breki mara mbili. Mwanamume mmoja alishusha kioo akaniuliza mimi ni polisi ya wapi. Nikamwambia ya upepo. Akapandisha kioo.

Halafu likaja basi jekundu, na hilo halikufunga breki. Nikaliwekea radari tangu likiwa mbali, nikalifuata nalo. Hamsini na moja. Hamsini. Likakaribia, arobaini na nne. Likawa linanipita, thelathini, kumi na sita, na lilipokuwa sawasawa mbele ya pua yangu namba ikadondoka kabisa. Lilipokwisha kunipita ikaanza kupanda tena. Nikasema huyu dereva naye vipi, anapunguza mwendo ananipita taratibu halafu anakimbia. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Tulikuwa tumemaliza kula simu ilipolia. Alikuwa anko Mkenya. Anamwambia mama, na sauti yake nilikuwa naisikia mpaka upande wa pili wa meza, kwamba binti yako sasa ameacha upepo, ameanza mabasi, leo amenielekezea mimi na abiria wangu. Mama akaniangalia kwa yale macho. Nikamwomba simu, na kabla hajakataa nilishaichukua.

"Anko, uliponiona ulikanyaga breki?"

"Breki ya nini? Mimi nina ratiba, mama. Nilikuwa hamsini mpaka kwenye taa."

"Hata ulipokuwa mbele yangu kabisa?"

"Hata hapo. Nikakupungia mkono, wewe uko bize na bastola yako."

Nilimrudishia mama simu bila kuaga, na hilo nilikuja kulilipia kwa kusemwa. Lakini nilikuwa nimeshaona. Basi halikupunguza mwendo. Lililopungua ni kule kuja kwake kwangu. Radari inajua mambo mawili tu, kitu kinakuja au kitu kinakwenda. Kitu kinachokatiza mbele yako hakiji wala hakiendi, hata kikikimbia namna gani, radari inakiona kama kimesimama. Na Jumapili, pale kwenye vyuma vya baiskeli, upepo wote ulikuwa unanikatiza. Ndiyo maana lile lori la kwenye video lilikuwa linazunguka kutafuta pa kusimama, na mimi niliona wanapoteza muda. Tisa haikuwa ya uongo. Ilikuwa tisa ya mtu aliyesimama pembeni kwa heshima.

Sasa ilibidi nisimame mbele, uso kwa upepo, na radari inyooke moja kwa moja kule unakotokea. Redio ilishasema upepo utatulia Jumanne mchana. Anko alikuwa zamu ya alfajiri. Mama yeye siku hiyo alikuwa anaingia kazini jioni. Hakukuwa na mtu mwingine.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage ya kesho. Nikamweleza yote, basi, pembe, ukuta, na safari hii nilitumia vijiko viwili na kikombe kumwonyesha, na nadhani alielewa, kwa sababu alisogeza kijiko kimoja mwenyewe. Nikamwambia kesho asubuhi, kwenye ule uwanja wa mpira wa changarawe nyuma ya majengo, asimame upande unaotoka upepo, aachie foili, basi. Mimi nitakuwa mbali kidogo.

"Sisimami mbele ya kitu hicho," akasema.

"Basi shika wewe, nisimame mimi."

Akaacha maharage. "Nikuelekeze wewe?"

Nikamwambia ni namba tu, mama, inatoa namba, haitoi kitu kingine. Alipojibu alikuwa anaangalia sinia, haniangalii mimi.

"Aliyenielekezea mimi hakuwa anapima kitu."

Hilo alikuwa hajawahi kuniambia. Nilijua tu kwamba kuna jambo, vile watoto wanavyojua. Maswali yote yalinijia mdomoni, wapi, lini, nani, ulikuwa umenibeba au bado, na niliyarudisha yote. Si kwa adabu. Niliona nikiuliza saa ile nitakuwa nimekuja na mimi kuangalia kilichovunjika, wakati mwenyewe yuko hapa mbele yangu anachambua maharage.

"Pole mama," nikamwambia. "Lakini mimi napima."

"Na ukishapima?"

"Naandika. Halafu naomba chuo cha fizikia. Na kanisani nitawaambia mimi, usisimame wewe."

"Watauliza nani amekuruhusu."

"Waambie hukuniruhusu."

Akaokota harage bovu, akaliangalia, akalitupa. Akasema wale wazee anaowaogesha kuna mmoja alikuwa rubani, na hata huyo sasa anahitaji mtu wa kumvisha soksi, kwa hiyo nisije nikadhani wauguzi ni watu wadogo. Nikamwambia sijasema hivyo. Akasema hujasema lakini nimesikia. Nikamwambia yeye ndiye mtu ninayemwogopa kuliko wote Stockholm na bado siandiki maji. Kidogo acheke, akajizuia. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, ila kwetu hiyo haimaanishi ndiyo, inamaanisha mazungumzo yameishia hapo na mwenye lake atajua.

Nikakaa chumbani nikafikiria. Mama hatasimama mbele ya radari na mimi sitamlazimisha, hiyo imekwisha. Lakini foili haihitaji mtu kuiachia. Inahitaji boksi na kamba. Nikatoboa kifuniko cha boksi la keki, nikapitisha kamba ya kuanikia nguo, nikavuta, kikafunguka. Nikafunga, nikavuta tena, kikafunguka tena, foili ikamwagika kitandani. Nikaikusanya yote nikairudisha.

Nikaamua. Kesho asubuhi kabla mama hajaamka nakwenda uwanja wa changarawe. Natafuta upepo unatokea wapi, nalifunga boksi kwenye mlingoti wa goli la upande huo, narudi nyuma na kamba mpaka iishe. Nageuka uso wote kwa upepo, mtu yeyote asiwe mbele yangu, nainyoosha radari palepale unakotoka, navuta kamba, navuta na kifyatulio. Namba itakayotoka, kubwa au ndogo, ndiyo nitakayoiandika. Na nikifika shuleni nampelekea mwalimu palepale mlangoni kabla hajavua koti, sisubiri Jumatano.